Ushauri: kucheza na watoto wa mtaani, wasichana hawaji

Dada_Majengo: Amani kwenu. Hapa Majengo, Goma, tunakusanya watoto Jumamosi mchana: waliokimbia vita, maibobo (watoto wa mtaani), na wanaolelewa na bibi zao. Mpira tunafunga wa mifuko na kamba, tunacheza katikati ya makoro, mawe ya volkano. Wavulana wanajaa, wasichana wanahesabika. Bibi mmoja aliniuliza, "Huo mchezo utajaza bidoni la maji?" Tena kuna mtoto mmoja anakuja kila mara, anakaa juu ya jiwe, hachezi, haongei. Nimlazimishe? Nawapenda sana, sitaki kuwaumiza.

Mwalimu_Katoyi: Usimlazimishe, dada. Mbona anarudi? Ana anachokipata hapo. Mpe filimbi ashike, ahesabu mabao. Wala usimuulize aliyoyaona vitani. Ila ukisikia halali usiku, au anajikojolea na ni mkubwa, ongea na anayemlea, mwende pamoja kituo cha afya.

Mama_Birere: Mwanangu, saa hizo wasichana wako ziwani na bidoni zao, au kwenye foleni ya bomba. Waulize wamama maji yanatoka saa ngapi, mchezo uanze baadaye. Halafu uwaletee nzango! Haidai kiatu wala kiwanja kikubwa: mistari miwili inatazamana, wimbo, makofi, mguu unarushwa. Huyo bibi akisikia nyimbo atakuja mwenyewe.

Yaya_Himbi: Mnaocheza upande wa Bulengo na Lac Vert, kagueni mashimo na mabonde kwanza. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, inajaa chini hasa asubuhi kukiwa hakuna upepo. Mtu mzima anaweza kupita asihisi kitu, mtoto mfupi akaanguka palepale. Chezeni mahali pa juu, palipo wazi.

Kijana_Ndosho: Chifu wa avenyu akikataa kiwanja, mwambieni Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 31, unampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Kongo iliuridhia 1990. Na uji je? Mwenye njaa atakimbia vipi?

Mwalimu_Katoyi: Uji uwe wa kuwatosha wote au usiwepo kabisa. Ukipungua, wadogo ndio wanapigwa.

Dada_Majengo: Aksanti sana, mama, na ninyi wote. Saa nabadilisha wiki hii, na nzango tutaanza nayo. Ya uji nitaipeleka kwa wamama wa likelemba yetu, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu. Nani ana filimbi asiyoitumia?