Mrejesho: Mama ameshika pembe

Miezi miwili iliyopita niliwauliza nifanyeje na mama, hapa Langoni, Lamu. Tangu atoke eda ya baba alikuwa akishinda chumbani kimya, chakula hagusi. Mkanishauri michezo ya muziki. Ahsanteni sana, ndugu zangu.

Ule wa simu, wa kugusa kioo kwa kufuata mdundo, ulimchosha macho, tukauacha. Nikatoa sandukuni pembe yake ya nyati ya vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini, na kijiti chake cha kuigongea. Mjukuu anagonga mapigo, bibi ayarudie, anayekosea anaimba ubeti. Siku tatu alitazama tu. Ya nne akakichukua kijiti mkononi mwa mtoto: “Sivyo, mwanangu, wakimbia mno.” Nilikwenda kulia jikoni.

Usingizi bado haujatulia, na kliniki tunaendelea kwenda. Lakini jana baada ya alasiri aliniuliza mwenyewe, “Pembe iko wapi?”