Majina ya eth0 na eth1 hubadilishana umeme ukirudi: niyafunge kwa anwani ya MAC?

FundiSahare

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninahudumia chumba cha baridi cha wauza samaki hapa Sahare, Tanga, ambako nimefunga kisanduku cha Linux kinachokusanya halijoto kutoka kwenye vipimajoto 6 na kumtumia mwenye mali taarifa kwenye simu. Bodi ina chipu ya i.MX8M Mini, ambayo ina kiolesura kimoja tu cha Ethernet (mtandao wa kebo), kwa hiyo cha pili nimekipata kwa adapta ya USB. Nilipanga eth0 (jina ambalo Linux hukipa kiolesura cha kwanza cha mtandao) ihudumie vipimajoto kwa anwani ya kudumu, 192.168.50.1, na eth1 iombe anwani kwenye ruta.

Kazi ilikwenda vizuri kwa miezi kadhaa. Juzi usiku umeme ulikatika, na uliporudi kisanduku kiliwaka huku eth0 ikiwa ndiyo adapta ya USB. Vipimajoto vikakosa wa kuvijibu, taarifa hazikutoka, na alfajiri tulikuta jodari wa juu wamekwisha kulainika. Taa za matundu yote mawili zilikuwa zinawaka, nami nikadhani ni kebo; nikabadilisha kebo mara mbili bure. Sasa nataka kila jina nilifunge kwa anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kiolesura chenyewe. Je, nipo sahihi?

Mkazi wa Ngamiani

Wa aleikum salaam, Fundi. Pole sana kwa hasara hiyo.

Kiini cha Linux hakijui tundu lipi ni la vipimajoto. Kila kiendeshi kinapomaliza kukiandaa kifaa chake hupewa namba inayofuata iliyo wazi: wa kwanza kufika huwa eth0, wa pili eth1. Kiolesura cha ndani ya chipu husubiri vitu vingine viwe tayari kwanza, kama vile saa za chipu na umeme wa sehemu yake, na kisipovikuta huahirishwa na kujaribiwa tena baadaye. Katika kusubiri huko adapta ya USB inaweza kukitangulia. Kwa hiyo miezi ile yote mpango wako ulisimama juu ya bahati, na mwasho mmoja uliochelewa kidogo umetosha kuuangusha.

Tatizo hili ndilo lililofanya systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma za Linux), kuanzia toleo la 197 la Januari 2013, ianze kutoa majina kufuatana na mahali kifaa kilipo, kama enp2s0 kwa kadi iliyo kwenye PCI (nafasi za kadi ndani ya kompyuta). Kwa bodi kama yako, toleo la 251 la mwaka 2022 liliongeza majina yanayotokana na lakabu zilizoandikwa katika mti wa vifaa (orodha ya vifaa vya bodi ambayo kiini hupewa), ndiyo maana siku hizi watu wanakutana na end0. Hebu soma /proc/cmdline, yaani maagizo ambayo kiini kilipewa kikiwaka. Nadhani utaikuta net.ifnames=0, inayozima majina hayo mapya, maana watayarishaji wengi wa mifumo ya bodi huiweka ili majina ya zamani yabaki.

BintiPangani

Kaka Fundi, kabla hujaifunga MAC, washa na uzime bodi mara tatu, kila mara ukisoma /sys/class/net/eth0/address na ya eth1. Bodi nyingi za bei nafuu hazikuhifadhiwa MAC popote, kwa hiyo hubuniwa mpya kila inapowaka. Tazama tarakimu ya pili ya anwani: ikiwa ni 2, 6, a au e, anwani hiyo haikutoka kwa mtengenezaji kwa njia ya kawaida. Faili la addr_assign_type likisema 1, ni ya kubahatisha. Lakini likisema 0 usiridhike haraka, kwani U-Boot (programu inayoiwasha bodi kabla ya kiini) inaweza kuibuni anwani na kuikabidhi kwa kiini kana kwamba ni ya kudumu.

FundiSahare

Dada, umeona mbali. Anwani ya kiolesura cha chipu huanza na 02 na imebadilika mara zote tatu, ilhali ya adapta haibadiliki. Na net.ifnames=0 ipo kweli.

BintiPangani

Basi fuata mahali. Endesha `udevadm info /sys/class/net/eth0` (na eth1), kisha chukua thamani ya ID_PATH, yaani njia inayoonyesha kifaa kimeunganishwa wapi. Kwa kiolesura cha chipu hiyo andika faili /etc/systemd/network/10-baridi.link:

```
[Match]
Path=platform-30be0000.ethernet

[Link]
Name=baridi0
```

Fanya vivyo hivyo kwa adapta, kwa njia yake. Elewa kwamba njia ya USB ni ya tundu ilimochomekwa. Mtu akiihamishia tundu jingine, jina halitashika. Jina lisizidi herufi 15, na tafadhali usichague eth0 wala eth1, kwa sababu kiini chenyewe kinayagawa majina hayo wakati huohuo na mtagongana. Ukitumia initramfs (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa mwanzoni mwa mwasho), hakikisha faili hizi zimo humo pia.

Mkazi wa Ngamiani

Niongeze kwa wanaotumia mfumo mdogo uliojengwa kwa Buildroot, wenye BusyBox (mkusanyiko mdogo wa amri za Linux) bila udev (programu inayotambua vifaa na kuvipa majina): faili za .link hazitasomwa na yeyote. BusyBox ina nameif, amri ya kubadilisha majina ya violesura, lakini nayo kwa kawaida hutegemea MAC. Mimi huandika hati fupi inayosoma `readlink -f /sys/class/net/eth0/device`, na njia ikilingana hutoa amri ya `ip link set dev eth0 name baridi0` kabla kiolesura hakijainuliwa. Baada ya kuinuliwa, viini vingi hukataa kubadilisha jina.

FundiSahare

Nimefanya kwa .link. Nimezima na kuwasha mara 20, mara nyingine nikiichelewesha adapta makusudi, na baridi0 haijahama. Ukuta wa moto nao ulikuwa bado unaitaja eth1 katika sheria mbili. Nimezirekebisha, nikaifunga adapta kwenye tundu lake kwa kamba ya plastiki.