Barua ya Yusuf kwenye kikundi cha familia

Jumapili

Yusuf 19:42
Shikamooni wakubwa. Wadogo hamjambo. Nina neno. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, kesho naipeleka. Kuanzia mwezi ujao ni linki tu, muda wote. Naomba dua zenu, si mjadala 🙏

Idi 19:42
HATIMAYE! Kaka umeweza 🔥🔥

Mama 19:44
Marahaba mwanangu. Linki ndiyo nini tena? Zile picha mnazotumiana?

Yusuf 19:46
Hapana Mama, ni ile tovuti yangu ya cherehani. Naandika ipi inahimili kitambaa kizito, ipi ya anayejifunza, ipi inakatakata uzi. Chini naweka linki ya Amazon. Mtu akibofya akanunua, wananipa kamisheni. Wenyewe wanaita afilieti.

Mama 19:47
Kumbe udalali.

Yusuf 19:47
Si udalali Mama 😅

Da Salma 19:48
Ni udalali, Mama. Dalali asiyemjua mnunuzi wala muuzaji.

Zuhura 19:48
Barua gani?

Idi 19:48
👀

Baba Mdogo 19:51
Yusuf. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Miaka sita kazini si mchezo. Kuna bima, kuna mafao ya uzeeni. Na siku ukienda benki kuomba mkopo watataka hati ya mshahara, hawatataka kuoneshwa tovuti.

Yusuf 19:54
Shikamoo Baba Mdogo. Mbachao wangu una matundu. Na huu msala haupiti, umeshatandikwa. Miezi minne mfululizo linki zimenipa, kwa wastani, mara moja na nusu ya mshahara. Hesabu ninayo, sibahatishi.

Da Salma 19:55
Miezi ipi?

Yusuf 19:55
Oktoba, Novemba, Desemba, Januari.

Da Salma 19:55
Na Februari?

Yusuf 19:56
Ilishuka kidogo. Msimu tu.

Da Salma 19:56
Kidogo kiasi gani?

Yusuf 19:57
_Ujumbe huu umefutwa_

Yusuf 19:59
Nusu ya Januari.

Idi 19:59
Da Salma acha kumpiga maswali kama mahakamani bana

Da Salma 20:07
Idi tulia. Yusuf mdogo wangu, sikuvunji moyo. Pesa hiyo nimeila, naijua ladha yake. Miaka miwili sikuwa na bosi. Nilikuwa na tovuti ya vitanda vya watoto wachanga, kurasa themanini na kitu, kila moja niliiandika kwa mkono wangu.

Nilikuwa na mazoea. Nikiamka, hata mswaki bado, nafungua simu naangalia wageni wa jana. Siku zote elfu mbili na kitu. Asubuhi moja nikakuta 640. Nikasema kipimo kimeharibika. Nikazima simu, nikawasha. 640. Kesho yake 590. Injini ya kutafuta ilikuwa imebadilisha namna inavyopanga matokeo, kurasa zangu zikasukumwa huko chini ambako hakuna mtu anafika. Hakuna aliyenipigia simu. Barua ya onyo sikupewa. Wewe kazini wakikutoa, angalau kuna notisi.

Sasa sikia ubaya wenyewe. Malipo yanakuja nyuma. Nilichouza mwezi huu nalipwa baada ya kama siku 60 tangu mwezi uishe. Kwa hiyo wageni wamekimbia, lakini pesa bado inaingia ileile! Nikajidanganya kwamba mambo yatarudi. Nikanunua kompyuta mpya. Mwezi wa tatu ndipo nilipoliona shimo lenyewe.

Shangazi Rukia 20:09
Maskini Salma. Mbona hukutuambia?

Da Salma 20:10
Niliwaambia nimerudi kuajiriwa kwa sababu nilichoka kukaa peke yangu 😊 Mkaamini.

Mama 20:10
Mimi sikuamini. Ulikonda.

Yusuf 20:13
Pole dada, kweli sikujua. Ila mimi sitegemei wageni wa kutafuta peke yake, nina na video. Na duka ni kubwa, haliwezi kufa kesho.

Da Salma 20:18
Duka halifi, linabadilisha bei yako. Hii si siri, ilitangazwa: Aprili 2020 Amazon walishusha kamisheni, samani zikatoka asilimia 8 hadi 3. Aliyelala dalali wa vitanda aliamka anauza vitanda vilevile, kwa watu walewale, kwa chini ya nusu ya malipo. Programu yao ipo tangu 1996, haina haja ya kumbembeleza mtu.

Halafu wewe unauza cherehani nzito. Nani ananunua kitu hicho siku hiyohiyo? Mtu anasoma, anamuuliza fundi, anamuuliza mwenzake wa nyumbani, anasubiri mwisho wa mwezi. Kuki ya Amazon ni saa 24. Asipoiweka kikapuni ndani ya hizo saa, akirudi keshokutwa kwa njia yake mwenyewe huna chako.

Baba Mdogo 20:19
Kuki si mdudu?

Idi 20:19
😂😂😂 Baba Mdogo ni alama inabaki kwenye simu ya mteja, duka linajua nani kamleta

Baba Mdogo 20:20
Ahaa. Na inafutika baada ya siku moja. Udalali wa mashaka huo.

Da Salma 20:22
Na hao wa kutafuta wenyewe wanapungua. Tangu Mei 2024 Google walipoanza kule Marekani kuweka majibu ya akili bandia juu kabisa ya matokeo, mtu anauliza "cherehani ipi inashona jinzi", anapata jibu palepale. Ukurasa wako unaweza kuwa ndio uliotumika kumjibu, na yeye asiufungue.

Yusuf nikuulize moja tu. Unaikimbilia linki au unaikimbia ofisi?

Yusuf 20:31
Dada umenigusa.

Ijumaa nilipiga muhuri karatasi 212. Nilizihesabu makusudi. Muhuri, tarehe, sahihi, muhuri, tarehe, sahihi. Kiganja kimebaki na duara jekundu la mpini. Jioni bosi akapita, akasema tarehe ilitakiwa iwe ya Alhamisi. Nikazirudia zote.

Usiku nikafika nyumbani nikaandika jinsi ya kulegeza uzi wa chini ili mshono usivute. Mama mmoja akaniandikia: nilikuwa nataka kuitupa cherehani, sasa inashona. Nilikaa na ujumbe huo nusu saa. Basi ndiyo hivyo.

Mama 20:33
Mwanangu 😢

Shangazi Rukia 20:34
Hilo la uzi wa chini nilikufundisha mimi.

Yusuf 20:34
Ndiyo Shangazi ❤️ nimeandika "nilifundishwa na fundi wa miaka thelathini"

Da Salma 20:37
Hiyo ni sababu nzuri ya kuandika, na pengine ya kutafuta kazi nyingine. Barua ya kesho bado sijaiona sababu yake. Fungua ripoti. Katika kila 100 inayoingia, ukurasa wa kwanza unaleta ngapi?

Yusuf 20:41
64. Ule wa cherehani za nguo nzito.

Da Salma 20:41
Wa pili?

Yusuf 20:41
9

Da Salma 20:42
Kwa hiyo huna tovuti, una ukurasa.

Shangazi Rukia 20:44
Lakini ukurasa wenyewe mzuri jamani! Mimi Novemba nilinunulia wanafunzi wangu cherehani 11 kupitia hapohapo. Nikasema badala ya kwenda dukani moja kwa moja, acha na mtoto wetu apate chochote.

Idi 20:44
Mimi vipokea sauti na saa. Linki ya kaka 💪

Mama 20:45
Na mimi Idi alinibofyea pasi.

Shangazi Rukia 20:46
Desemba nikamtumia na fundi mwenzangu, akachukua sita. Yule akasema linki inafanya kazi vizuri sana.

Da Salma 20:46
Jamani.

Da Salma 20:46
Jamani jamani jamani.

Idi 20:47
Nini

Da Salma 20:50
Hairuhusiwi. Mkataba wa ile programu unakataza mwenyewe kununua kwa linki yako, na unakataza kuwaachia au kuwahimiza ndugu na marafiki unaowajua wanunue kupitia hapo. Wakigundua wanaweza kuzuia kamisheni na kuifunga akaunti. Yusuf, ulisoma?

Yusuf 20:52
Mwenyewe kununua nilijua. Ndugu sikujua. Ule mkataba mrefu dada, nilibofya nakubali.

Shangazi Rukia 20:53
Sasa nimemharibia mtoto?? Mimi nilikuwa namsaidia!

Yusuf 20:53
Hujaniharibia Shangazi. Mimi ndiye niliyeweka linki humu kikundini, tena na maneno "tusapotiane".

Da Salma 20:55
Acha nione jambo lingine. Novemba ukurasa ule uliuza cherehani ngapi?

Yusuf 20:56
31

Idi 20:56
11 za Shangazi 🙈

Da Salma 20:57
Toa za kwetu zote. Novemba, Desemba, miezi yote minne. Na zilizorudishwa toa, maana mteja akirudisha mzigo kamisheni nayo inarudi. Kisha utuambie mshahara mara ngapi.

Yusuf 20:57
Nipeni dakika.

Baba Mdogo 21:09
Wakati tunasubiri. Mwajiri wako anatoa likizo bila malipo? Zamani sisi tulikuwa tunaomba hata miezi mitatu. Ukirudi kiti chako kipo.

Mama 21:10
Yusuf umelala?

Yusuf 21:24
Sijalala Mama.

Nimetoa za Shangazi, za mwenzake, za Idi, pasi, na saba zilizorudishwa. Novemba na Desemba zinazidi mshahara kidogo sana. Oktoba na Januari ziko chini yake. Februari ni kama theluthi moja. Mimi Februari niliihesabu kama ajali, kumbe ndiyo mwezi wa kwanza ambao hakuna ndugu aliyenunua kitu.

Idi 21:25
Duh

Da Salma 21:27
Theluthi moja ya mshahara, kutoka kwa watu wasiokujua, baada ya saa za kazi. Mdogo wangu hiyo si haba hata kidogo! Mimi mwaka wa kwanza sikuifikia. Ila kodi ya nyumba haijui theluthi.

Yusuf 21:30
Nitasubiri pesa ya Aprili. Mwezi usio na msimu wala Shangazi.

Da Salma 21:30
Ya Aprili inaingia mwisho wa Juni.

Yusuf 21:31
Najua sasa 😅 Basi Juni. Na la likizo nitaulizia, Baba Mdogo. Kesho linki natoa humu, msizibofye tena tafadhali.

Shangazi Rukia 21:32
Na zile cherehani 11 nirudishe?

Yusuf 21:32
HAPANA SHANGAZI

Da Salma 21:33
Wanafunzi washone. Kamisheni yake tu ndiyo isihesabiwe.

Mama 21:34
Zuhura mwanangu uko wapi? Umenyamaza tangu jioni.

Zuhura 21:41
Nipo Mama, shikamoo. Nilikuwa nasoma tu. Barua nimeikuta kwenye printa chini ya vitabu. Imeandikwa vizuri, ila upande wa nyuma ni mweupe, nimewapa watoto wachoree.