Tupeane uzoefu: kuchora tingatinga kwenye bati, kibuyu na chupa

Mchoraji Kinondoni: Wakuu, nimeona bango la bati, twiga mzuri kabisa, rangi inabanduka vipande vizima. Rangi yetu ya mafuta imezoea ubao mgumu tangu Edward Saidi Tingatinga, ambaye mtindo huu wa uchoraji umepewa jina lake, alipoanza kuchora Dar mwaka 1968. Leo wateja wanataka vibuyu, chupa na mabati. Mnaandaaje?

Fundi Bati: Hilo bati lilikuwa jipya. Bati la kuezekea lina zinki juu, na mafuta ya kwenye rangi yakikaa na zinki hugeuka polepole kuwa sabuni. Sabuni haishiki kitu, ndiyo maana rangi inang'aa juu huku chini imeshaachia. Osha kwa sabuni ya unga na maji ya moto uondoe grisi ya kiwandani, futa kwa siki, suuza, kausha. Pitisha msasa laini, namba 320, kidogo tu, kisha praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) ya maji iliyoandikwa kwenye kopo kuwa ni ya mabati. Ikikauka, chora na rangi yako ya mafuta.

Kaka Brashi: Mlolongo wote huo wa nini? Paka redi oksaidi, ile praima nyekundu ya kuzuia kutu, maliza kazi. Mabango mangapi yapo barabarani?

Fundi Bati: Kaka, yanayodumu ni mabati makuukuu ambayo zinki imeshaliwa na mvua. Redi oksaidi ya mafuta ni mafuta yaleyale. Kwenye chuma cheusi, kisicho na zinki, itumie, kwenye bati jipya hapana.

Mama Vibuyu: Kibuyu kwanza kikauke mpaka mbegu zilie ndani. Kikiwa kibichi, unyevu unatafuta pa kutokea na rangi inavimba malengelenge. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, kwangua ile ngozi ya nje yenye nta kwa kisu butu, anika kivulini. Juani kinapasuka. Msasa 120, halafu 220, futa vumbi. Mkono wa kwanza ni undakoti (rangi ya chini) nyeupe iliyozimuliwa kwa tapentaini, nyepesi, iingie kwenye vinyweleo. Wa pili usizimue.

Bint Tanga: Kweli tupu. Mbegu zisipolia, usiguse brashi.

Karakana ya Nyuma: Mkimaliza hayo, kuna hatari kubwa kuliko kubanduka. Wanaopaka sinia za mbao mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) kabla ya rangi, matambara yenu mnatupa wapi? Nimeona boksi la matambara yaliyokunjwakunjwa likianza kufuka moshi usiku, hakuna kiberiti wala umeme karibu. Linsidi inakauka kwa kuvuta hewa, na ikivuta hewa inatoa joto. Tambara likitandazwa, joto linapotea. Likisongamana na mengine, joto linajikusanya mpaka linawaka. Pale rafu ya michoro iliyosubiri vanishi ilikuwa hatua moja tu!

Bint Tanga: Mungu wangu. Na tambara la rangi ya mafuta ya kawaida?

Karakana ya Nyuma: Nayo ina mafuta yanayokauka kwa hewa, tahadhari ni ileile. Tandaza moja moja nje, au zamisha kwenye kopo la maji lenye mfuniko.

Kaka Brashi: Si yatupwe jalalani tu?

Mama Vibuyu: Jalala nalo ni lundo, baba.

Mchoraji Kinondoni: Na chupa jamani?

Bint Tanga: Futa kwa spiriti, kisha usiiguse tena kwa vidole, ishike kwenye mdomo wa chupa tu. Mafuta ya kidole yanatosha kuachisha rangi. Ukitumia rangi za kioo za kuokwa, iweke kwenye oveni ikiwa bado baridi, ndipo uwashe. Ukiiingiza kwenye moto inapasuka.

Fundi Bati: Ndoo za plastiki tazameni namba ya aina ya plastiki iliyochapwa chini, kwenye pembetatu. 2 na 5 hazishiki rangi hata ukipiga msasa, zinataka praima yake maalumu. Pakeni sehemu ndogo, siku ya pili mchane alama ya msalaba kwa wembe, bandikeni selotepu na muivute kwa ghafla. Ikitoka na rangi, rudini kwenye maandalizi.

Kaka Brashi: Selotepu ipi, ile ya karatasi au ya nailoni?

Fundi Bati: Ya nailoni. Ya karatasi haina nguvu.