Bayogesi ya makombo imegoma kuwaka, nisaidieni

BabaKondele: Wadau, nimefunga mtambo wa bayogesi nyuma ya nyumba. Nalisha makombo ya hoteli na mabaki ya soko la Kibuye. Puto linajaa hadi linabana, lakini nikiwasha jiko linasema pu! na kuzima. Harufu ya mayai viza. Nina haraka.

MkulimaNjoro: Makombo yote hayo na nguruwe wapo? Mimi huku nilianza na wawili tu, leo nimesomesha.

NyarDunga: Huku ufuoni watu walijaribu hata gugumaji na matumbo ya samaki. Wacha kumwaga chakula kuna watu wanalala njaa.

FundiWaPaipu: Samadi ya ng'ombe uliweka? Bakteria wa methane, ile gesi inayowaka, hutoka humo. Na unalisha nini *hasa*?

BabaKondele: Makombo ya kawaida tu.

FundiWaPaipu: Yataje.

BabaKondele: Ugali, wali, na maganda ya machungwa na ndimu ya jamaa wa juisi. Mengi kiasi. Anatoa bure, ningekataa? Samadi ndoo moja, mwanzoni.

FundiWaPaipu: Basi ndiyo hiyo. Tanki limechacha, na mafuta ya maganda hayo huua bakteria. Kilichojaa kwenye puto ni hewa ya ukaa. Acha kulisha kabisa, korogea samadi mbichi na chokaa kidogo, ngoja. Hiyo harufu ni sumu, usiivute. Gesi ipitishe kwenye nyuzi za chuma zilizoshika kutu. Haraka ya nini lakini?

BabaKondele: Majirani wamelipa nusu niwajazie mitungi ya kilo 6. Kompresa ya friji nimeshanunua.

Otas_K: 😂😂 Mazishi ni lini, tuchange?

FundiWaPaipu: Ndugu yangu, gesi ya dukani hugeuka maji ikishindiliwa. Methane haigeuki mpaka ipoe chini ya nyuzi 82 chini ya sufuri. Itaingia kidogo tu, huo mtungi hautaivisha hata githeri. Na kompresa ya friji ikipiga cheche?

BabaKondele: Nitaanza na mtungi mmoja, wa shemeji. Pesa zao nimeshazitumia kwa paipu.

Mpekuzi254: Ngojeni kwanza. Huyu si ndiye aliyekuwa Nakuru juzi akiuza sungura? Leo ana tanki Kondele. Picha iko wapi?

Otas_K: Hadithi! Hadithi!

NyarDunga: Kumbe tunapotezewa bando.

BabaKondele: Simu yangu kamera ilipasuka. Sungura walikuwa wa shemeji.

FundiWaPaipu: Shemeji yuleyule wa mtungi?

MkulimaNjoro: Hao sungura bado wapo? Nipe bei inboksi.