Vijana wa 4-H na hemu za Kentucky: chumvi kiasi gani, siku ngapi, na kwa nini paja linachacha mfupani?

MleziWaKlabu

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaojua kuhifadhi mapaja ya nguruwe kwa chumvi kavu, zile hemu za shamba za Kentucky, Marekani. Vijana sita wa klabu ya 4-H (mpango wa vijana wa kujifunza kwa vitendo kilimo na stadi za maisha), wa miaka 11 hadi 15, wanaanza mradi Januari hii, kila mmoja na mapaja mawili ya pauni 20 hivi (kilo 9), hadi maonyesho ya jimbo pale Louisville mwezi Agosti.

Maelekezo mengi yanaishia "paka mchanganyiko, ning'iniza, subiri". Nataka undani. Chumvi inapimwaje? Siku zinahesabiwaje? Na paja linalopendeza kwa nje lakini likichomwa karibu na mfupa linatoa harufu mbaya, hapo kosa huwa limefanyika hatua gani? La mwisho, majaji wanaangalia nini?

MizaniKwanza

Mkuu, weka vikombe kando, leta mizani. Kipimo cha zamani kinachofundishwa Virginia ni hiki: kwa kila pauni 100 za nyama mbichi, pauni 8 za chumvi, pauni 2 za sukari na aunsi 2 za shura (kemikali ya kuhifadhia nyama). Kwa paja la pauni 20 unapata gramu 725 za chumvi, gramu 180 za sukari na gramu 11 za shura. Kila kijana apime mapaja yake na apige hesabu mwenyewe, kwa sababu la pauni 17 na la pauni 23 hayali chumvi sawa. Kuchota kwa konzi ndiko kunakoleta paja moja kali lisilolika na jingine bovu kutoka meza moja.

Chumvi iwe ya kawaida isiyo na madini joto, punje za wastani. Ya mawe makubwa hudondoka kabla haijayeyuka. Sukari, nyeupe au ya kahawia, kazi yake ni kupunguza ukali wa chumvi. Haihifadhi kitu kwa kiwango hicho. Pilipili manga na pilipili nyekundu ni hiari.

Kabla ya kupaka, kamua damu iliyobaki kwenye mshipa mkubwa upande wa ndani wa paja: bonyeza kwa kidole gumba ukielekea pale ulipokatwa. Punguza vipande vinavyoning'inia na mafuta ya ziada, ngozi ibaki. Kisha gawanya mchanganyiko mara mbili, nusu siku ya kwanza na nusu siku ya saba. Sehemu kubwa iende kwenye uso wa nyama nyekundu, kwa sababu ngozi na mafuta vinazuia chumvi kupita. Vijiko viwili vya chakula visukumwe kwa kidole pale mguu ulipokatwa, viingie ndani kuzunguka mfupa. Hapo ndipo watoto husahau, na hapo ndipo paja huanza kuoza.

Siku: pima unene wa sehemu nene kuliko zote, kila inchi ni siku 7. Paja la inchi 6 ni siku 42. Kila siku ambayo baridi ilishuka chini ya kuganda, ongeza siku moja, maana nyama ikiganda chumvi haitembei.

BaridiNdiyoDawa

Nakubaliana na hesabu ya hapo juu, ila swali la kuchacha mfupani halijajibiwa sawasawa. Wageni wa kazi hii hufikiria moshi na viungo. Ukweli ni kwamba paja ni mbio kati ya chumvi na joto, na chumvi ni mkimbiaji mzito: inchi moja kwa wiki. Wiki za mwanzo katikati ya paja hakuna chumvi ya maana. Kinacholinda pale ni baridi peke yake.

Kwa hiyo kosa huwa limefanyika mapema sana, mara nyingi hata kabla ya chumvi. Nyama ikipokewa, chomeka kipimajoto hadi kigonge mfupa. Kikisoma zaidi ya digrii 40 za Fahrenheit (4.4 za Selsiasi), usipake, rudisha kwenye friji mpaka ishuke. Nguruwe aliyechinjwa nyumbani apoe hadi kiwango hicho ndani ya saa 24, na mapaja yasirundikwe yakiwa na moto, maana yatapashana joto. Baada ya kupaka, weka kati ya digrii 36 na 40 (2 hadi 4 za Selsiasi) siku zote za chumvi.

Shida ya Kentucky ni kwamba Januari haitabiriki. Wiki moja inaganda, wiki inayofuata inafika digrii 60 (15 za Selsiasi) kwa siku tatu. Wazee walitumia banda na majira yakawasaidia. Ukiwa na mapaja kumi na mawili ya watoto wa watu, tafuta friji kubwa au chumba cha baridi na uweke daftari la joto, asubuhi na jioni.

Harufu huanzia kwenye viungo: kwenye nyonga na kwenye goti, kwa sababu pale kuna ute, damu na mifupa inayoziba njia ya chumvi. Kwa nje paja linabaki zuri. Likishachacha halirudi. Usilikate kipande kibovu ukaokoa kingine, tupa lote.

KaratasiNaKamba

Nina neno kuhusu kupaka mara mbili. Kwa mtu mwenye mapaja yake nyumbani ni sawa. Kwa kikundi cha vijana wanaokutana siku moja, pakeni mchanganyiko wote mara moja, mfunge kila paja kwa karatasi ya kahawia isiyo na nta wala maandishi, kisha mtie ndani ya soksi ya pamba (mfuko mrefu uliofumwa) na kuning'iniza, kifundo kikiangalia chini. Karatasi hubana chumvi kwenye nyama isidondoke, na paja likining'inia hivyo linapata umbo la mviringo ambalo majaji wanalipenda.

Msitumie plastiki. Maji yanayotoka lazima yapate njia; yakibaki kwenye plastiki yanaosha chumvi upande mmoja na kuiacha kidimbwi upande wa pili. Sakafu italowa siku za kwanza, hilo ni jema. Paja ambalo halijadondosha tone baada ya siku tatu, fungua uangalie: ama limeganda, ama chumvi imedondoka.

Andika jina na uzito kwenye kibao cha plastiki, kwa wino usiofutika, kifungwe kwenye kifundo. Karatasi yenye jina huyeyuka.

MizaniKwanza

Sina ugomvi na hilo, mradi wafunge wakiwa wamekaza na uso wa nyama umefunikwa wote.

MleziWaKlabu

Asanteni sana. Swali la shura: kuna mchanganyiko wa dukani ulio tayari, na kuna chumvi ya rangi ya waridi. Je, naweza kuweka chumvi ya waridi gramu zilezile 11 badala ya shura?

BaridiNdiyoDawa

Hapana mkuu, usibadilishane gramu kwa gramu. Shura ni naitreti ya potasiamu. Bakteria wa kwenye nyama huigeuza polepole kuwa naitraiti, na naitraiti ndiyo inayotoa wekundu na kuzuia bakteria wa botulizimu, ile sumu ya chakula inayoweza kuua. Chumvi ya waridi ni chumvi ya mezani iliyochanganywa na naitraiti, na ile namba 2 ina naitreti pia, ili iendelee kufanya kazi kwa miezi. Imetiwa rangi makusudi mtu asidhani ni chumvi ya kupikia. Naitraiti ikizidi ni sumu, kwa hiyo kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye pakiti yake.

Kwa vijana ningetumia mchanganyiko wa dukani ulio tayari: unapima mara moja, unapaka. Ila soma pakiti. Kama naitreti au naitraiti imo, usiongeze shura hata chembe. Na ukichanganya mwenyewe, shura iponde laini na uichanganye kwanza na sukari, halafu chumvi, ili isikusanyike sehemu moja.

MvukoWaMachi

Naona wote mmesimama kwenye chumvi, wacha nichukue kuanzia Machi. Tuseme mmepaka tarehe 20 Januari na paja ni la inchi 6: siku 42 zinaisha tarehe 3 Machi. Siku hiyo uso una chumvi nyingi na katikati kidogo. Osha kwa maji baridi, loweka saa moja, sugua kwa brashi ngumu, acha likauke, kisha liweke siku 14 mahali penye digrii 50 hadi 60 (10 hadi 15 za Selsiasi). Hapo chumvi inajisawazisha, inatoka nje inaelekea mfupani. Anayeruka hatua hii na kulipeleka paja moja kwa moja kwenye joto ndiye anayelalamika Juni kwamba "chumvi ilitosha lakini limeoza". Ilitosha, ila haikuwa imefika.

Moshi ni hiari. Ukifukiza, joto la kibanda lisizidi digrii 90 (32 za Selsiasi), siku moja hadi tatu mpaka rangi iwe ya kahawia iliyoiva. Likizidi, mafuta yanayeyuka na kuchuruzika. Kuni ziwe za hikori, mtufaha au mti mwingine mgumu wa matunda. Msonobari una utomvu, utakula nyama yenye ladha ya rangi ya mbao.

Baada ya hapo ni kukomaza kwenye joto la kiangazi, digrii 75 hadi 95 (24 hadi 35 za Selsiasi), unyevu wa hewa asilimia 55 hadi 65. Vimeng'enya vya nyama yenyewe vinavunja protini, na ladha ya hemu inatoka humo. Zile punje nyeupe utakazoziona ukikata ni tirosini (sehemu ya protini iliyovunjika) iliyoganda, si ugonjwa. Hewa ikiwa kavu kupita kiasi uso unakauka kama ngozi ya ngoma na maji ya ndani yanakosa pa kutokea. Ikiwa na unyevu mwingi, ukungu unatawala. Feni ndogo ya kusogeza hewa inatosha, usiielekeze kwenye mapaja.

Kanuni ya shirikisho kwa viwanda vinavyouza kwa jina la hemu ya shamba inataka siku zisizopungua 45 za chumvi na kusawazisha, jumla siku 70 pamoja na kukausha, na uzito upungue angalau asilimia 18. Watoto hawauzi, lakini kipimo ni kizuri: paja la pauni 20 lifike pauni 16.4 au chini yake. Pimeni kila mwezi na kuchora mstari. Kijana anayeuona mstari ukishuka anaelewa kukausha kuliko kwa maelezo ya saa nzima.

Wadudu: kuna nzi ambaye funza wake hurukaruka, kuna mbawakawa mwenye miguu myekundu, na kuna utitiri wanaoonekana kama vumbi la kahawia linalotembea. Dawa yao ni usafi kabla joto halijaanza, wavu wenye matundu madogo dirishani, na soksi ya pamba isiyo na tundu. Usipulizie sumu kwenye nyama. Paja lenye funza litoke chumbani siku hiyohiyo.

MleziWaKlabu

Na ukungu wa kijani na mweupe juu ya nyama? Wazazi wataogopa.

MvukoWaMachi

Waambieni mapema, tena muwaonyeshe picha. Ukungu wa juu ni kawaida kwa paja la miezi mitano. Unasuguliwa kwa brashi na maji yenye siki kidogo. Kinachotisha ni utelezi au harufu ya kuoza, hata kama uso hauna doa.

PuaYaJaji

Kuhusu majaji. Wanaangalia umbo (nene, mviringo, kifundo kifupi kilichokatwa vizuri), wingi wa nyama dhidi ya mafuta, usafi wa kazi, rangi moja isiyo na mabaka, halafu harufu, na harufu ndiyo yenye uzito. Jaji huchoma sindano ndefu sehemu kama tatu, nyonga, katikati na karibu na kifundo, anaichomoa na kunusa papo hapo. Fundisheni vijana kufanya hivyohivyo mwezi Julai kwa paja lao la pili, wakifuta sindano kila tundu na kuziba tundu kwa mafuta ya nyama hiyohiyo. Wasilitoboe la mashindano kila wiki. Kila tundu ni mlango wa wadudu.

Msisahau kwamba alama hazitoki kwenye paja peke yake, kuna hotuba. Watoto hukariri historia ndefu halafu wakiulizwa "kwa nini siku 42 na si 30?" wanaduwaa. Hotuba ijengwe juu ya daftari lao: uzito, unene, tarehe, joto. Na wasichanganye na lile paja bingwa linalonadiwa kwenye kifungua kinywa cha Kentucky Farm Bureau (chama cha wakulima) kila Agosti tangu 1964, lile lililofika dola milioni 10 mwaka 2023. Lile ni la watengenezaji wa biashara, na fedha zake huenda kwenye hisani.

Siku chache kabla ya maonyesho osheni kwa maji ya moto na brashi, kausheni usiku mzima, kisha mpake mafuta ya kupikia kidogo sana kwa kitambaa. Yakizidi, paja linateleza mikononi mwa jaji na vumbi lote la ukumbi linaganda juu yake. Lile la pili la kula, loweka saa 12 hadi 24 ukibadilisha maji, ndipo uchemshe taratibu.