Mashine ya kufyonza hewa: viungo vinazama kweli kwenye nyama?

Swali
Wadau, nina mashine ya kufyonza hewa, ile yenye bakuli lake la kurowekea nyama. Karatasi yake inasema dakika 20 zinatosha badala ya usiku kucha. Jumamosi nikaroweka mnofu wa ng'ombe kwa chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Nikabonyeza, povu likapanda mpaka kwenye kifuniko, nikajua hapo sasa vinazama. Nimechoma, nimekata: nje panawasha ulimi, katikati haijui hata chumvi. Nakosea wapi, au nimeuziwa hewa?

Jibu 1
Hujakosea, dada. Hayo maneno kwamba mashine "inafungua vitundu" vya nyama yalinidanganya na mimi. Nyama si sifongo. Karibu robo tatu ya uzito wake ni maji, haina hewa ya kutoa ili mchuzi uchukue nafasi. Lile povu ni hewa ya kwenye mchuzi na mikunjo ya mnofu.

Nilijaribu hivi: kipande kimoja nikakata mara mbili, vyote nikavipaka rojo la manjano. Kimoja kwenye mashine, kingine kwenye bakuli lililofunikwa sahani. Baada ya saa nne nikavipasua vibichi. Utepe wa njano ulikuwa na unene wa sarafu, kote kuwili. Nikamwita mwanangu aniambie kipi cha mashine, akanionyesha cha bakuli.

Kinachozama ni chumvi, na yenyewe inataka muda, haivutwi. Ladha ya saumu na tangawizi kwa sehemu kubwa hubaki juu. Pima gramu 12 hivi kwa kilo, paka leo, choma kesho. Ndimu iache mpaka saa moja kabla ya moto. Ikilala nayo, nje panakuwa kama chaki.

Muuliza swali
Kwa hiyo niitupe?

Jibu 2
Usitupe! Kama inafunga na mifuko, mchuzi kidogo tu unagusa nyama pande zote, na friji hainuki saumu. Ila usiufunge ukiwa majimaji, pampu itaunywa. Yangu ilikufa hivyo, ikanuka siki mpaka mwisho wake. Gandisha mchuzi kwanza kwenye trei ya barafu.

Halafu nyama ikae kwenye friji, nyuzi 4 au chini. Kutoa hewa hakuui vijidudu, na vipo vinavyostawi pasipo hewa. Viwandani nako hewa hufyonzwa, lakini nyama huwa kwenye pipa linalozunguka. Kazi kubwa ni kule kugongwagongwa na chumvi.

Muuliza swali
Nimepaka chumvi tupu, iko friji mpaka kesho. Mume wangu kauliza mbona leo mashine haingurumi. Nimemwambia inapumzika.